Nyuma ya Jiko, Mbale

Bustani yenyewe ni nyuma ya jiko tu,
hatua kumi na saba kwa kumi na moja.
Nilizihesabu siku nilipokuwa na hasira.
Juu kuna jiwe, kubwa kama ng'ombe aliyelala,
chini kuna kuku wa Vihenda,
wasiojua mpaka.

Februari jembe hugonga udongo likarudi likilia.
Namwaga majivu na samadi ya mbuzi,
naufuata mzizi wa sangari chini kwa chini
kama mtu anayefuatilia deni.

Kageha anapiga simu kutoka Nakuru:
"Umeshapanda mrenda?"
Mvua bado.
"Mama hakuwa akingoja mvua. Alikuwa akiisikia magotini."

Magoti yangu mimi hayana habari.
Yanauma mwaka mzima.

Ikaja Machi, alasiri, bila hodi,
na ardhi ikatoa ile harufu
ambayo mtu angeila kwa kijiko.
Nikachanganya mbegu za managu na mchanga
zisirundikane, nikapanda kunde, saga, mrenda,
nikajiona fundi.

Kisha mvua ya mawe. Dakika nne.
Sukuma ikabaki vichujio.
Niliketi kizingitini, nikaokota mawe mawili
nikayatia kinywani, kama zamani
tulipogombania na Kageha lililo kubwa.

Sijataja fuko.
Fuko hula viazi vitamu kutoka chini,
anakuachia majani yakikuchekea.
Mzee Kisia humtega kwa ufito uliopindwa,
shilingi hamsini kila mkia.
Wiki hii ameniletea mikia mitatu,
mmoja umekauka; naukumbuka tangu Aprili.
Nimelipa yote mitatu.
Hadithi aliyonisimulia pekee ilikuwa ya sabini.

Sasa ni Juni, na mboga zimenizidi.
Jioni nachambua hadi vidole vinakuwa vyeusi,
saga inalala katika maziwa iache uchungu,
na bado majani yanachipua nyuma ya mgongo wangu.
Nilimpelekea Vihenda fungu la kunde.
Akanirudishia mayai mawili
ya kuku yule yule.
Yalikuwa na ladha ya kunde zangu, naapa.

Karibu na jiwe nimeacha shina moja la mrenda.
Limerefuka, limekuwa gumu kama fimbo,
maganda yake yanakauka na kunong'ona upepo ukipita.
Mama naye aliacha shina pale pale kila mwaka,
nami kila mwaka nilidhani amelisahau,
hata mara moja nililing'oa, nikidhani namsaidia.
Hakusema neno. Alikwenda kwa jirani
na mkebe wake wa kahawa, akaomba mbegu.

"Limebaki moja," namwambia Kageha.
"Mbona hulichumi?"
"Hilo si la kula."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Kisha nikakata simu, maana kuku
walikuwa wamesharudi.