Timazi

Nyumba namba kumi na nne, Mtaa wa Waashi,
imeinamia barabara kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha.
Nimefika saa tatu asubuhi na mkoba wangu:
timazi, pimamaji, vipande vya kioo, gundi,
fomu nakala tatu,
na gololi ya mwanangu, isiyomo katika orodha ya vifaa
ila huwahi kusema kweli kuliko vyote.

Nje, shamba la viazi la jirani sasa ni bwawa.
Bata wamelizoea. Ramani bado inaliita shamba.

Bi Truda Kwoczek hakuusukuma mlango.
Alitoa komeo tu, mlango ukaja wenyewe.
"Vua viatu," alisema. "Sakafu imepinda, lakini ni safi."

Jikoni kila kitu kina kabari:
jiko lina kabari, kabati lina kabari,
meza imevishwa viatu vya mbao miguu miwili,
vimechongwa na mkono uliojua hesabu.
Taa peke yake inaning'inia wima,
na kwa kuwa ndiyo pekee iliyonyooka
ndiyo inayoonekana kupinda.

Nikashusha timazi. Uzi ukayumba, ukatulia.
Ukuta ulikuwa umeuacha uzi kwa upana wa kiganja.
Ufa unaanzia juu ya dirisha,
unapita nyuma ya picha ya Mtakatifu Barbara
na kutokea upande wa pili umenenepa.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nalipwa kuwazuia watu wasizibe:
nabandika kioo juu ya ufa, naandika tarehe,
naondoka, nangoja kivunjike.
Cha Machi kimekatika. Cha Juni kimekatika.
Kipya nimekibandika juu ya makovu ya gundi.

"Chini yetu," nikamweleza, "mita mia tatu na arobaini,
kuna tabaka la makaa lililotolewa mwaka wa sabini na nane.
Lote. Hawakuacha nguzo.
Waliondoa mihimili, paa likaachwa lianguke."
Maneno hayo huyasema kwa sauti ya ofisini,
sauti isiyo na mama wala mtaa,
ingawa babu yangu naye alikohoa weusi mpaka siku ya mwisho
hapa hapa Silesia, vituo viwili vya tramu kutoka hapo.

"Najua," akasema. "Ilikuwa wiki ya Pasaka.
Erwin alirudi akaniambia, leo tumepita chini ya jiko lako.
Nikamuuliza, sasa mbona hukubisha hodi?
Kesho yake, saa nne, nilizima redio nikapiga magoti,
pale, sikio kwenye kigae.
Jioni akaapa kwamba alibisha.
Mara tatu, kwa nyundo, kwenye dari ya mgodi.
Mimi sikusikia kitu.
Nilimwambia nimesikia."

Fomu ina mstari: Chanzo cha uharibifu.
Kalamu ilisita hapo kuliko siku nyingine.
Nikaandika: uchimbaji wa zamani.

Akainama kusoma, miwani kaishika mkononi kama kikuzasauti
cha mtu asiyetaka kusikia vizuri sana.
"Hilo sawa. Ila hapa umesema nyumba imehama.
Futa.
Haijahama popote. Imeshuka, basi.
Wanaume wote wa nyumba hii walikuwa wakishuka."

Nikafuta. Nikaandika: imeshuka.
Ofisi itairudisha fomu, wana neno lao.

Mwisho, kwa mazoea, nikaiachilia gololi kizingitini.
Haikusita. Ilikata jiko mshazari,
ikaongeza kasi, ikaingia chini ya kabati
tukaisikia ikigonga kitu huko gizani,
tok,
kisha kimya.

Nilitaka kupiga magoti niitafute.
Bi Truda akanishika bega,
kichwa kakiinamisha upande ule ule wa ukuta.
"Moja," akasema,
akangoja.