Nipe Mji

Siku ya kumi na saba tangu injini ikohoe mara mbili
ikanyamaza, kama mtu aliyekumbuka jambo.
Kutoka Bahi hadi Hombolo ni sekunde kumi na moja.
Malogo amepima.
Kwa basi ilikuwa asubuhi nzima, na pancha moja pale Kigwe.

Malogo ni jina nililompa mimi, Damari, binti Perusi.
Waliomuunda walimwita kwa tarakimu.
Malogo mwenyewe alikuwa karani wa stesheni yetu,
alijua saa za treni zote, za kupanda na za kushuka,
na hakuwahi kusafiri hata hadi Kintinku.
Huyu naye ni akili unde, hana miguu,
amesoma maktaba za dunia nzima
lakini hakujua kuwa maji ya kisima chetu yana chumvi.
"Kiasi gani?" aliniuliza.
Kiasi cha mgeni kuacha kikombe nusu
akasema ameshiba.

Hewa inatosha ukiipumua kwa adabu.
Kwa hiyo tunacheza, ili moyo usikimbie.
Kitendawili.
"Tega."
Nyumba yangu haina mlango.
"Yai," anasema, upesi, kama mtoto wa dawati la mbele.
Hapana, Malogo. Gonga ukuta huu. Ndimo tulimo.
"Basi nimeshindwa."
Nipe mji.
"Nakupa Dodoma."
Sitaki. Dodoma ina wenyewe, ina wabunge na vipilefti.
Nipe Bahi.

Akanipa.
Nikashuka stesheni, nikapita kwenye mashine ya mpunga,
pumba zikanidandia nywele,
nikamkuta mama uani anaanika mlenda juu ya bati.
Hakuinuka.
Akasema tu: Umekonda. Nawa mikono.

Watu wa chini wakiita, wanasema uokozi uko kwenye mchakato.
Nimesoma Dodoma, neno hilo nalijua:
lina meza ndefu na chupa ndogo za maji.

Siku ya ishirini na mbili nikaona joto halipungui.
Betri zilipaswa kuwa zimekufa.
Umeme unautoa wapi, Malogo?
Akakawia. Yeye, asiyekawia.
"Nazima vyumba nisivyovitumia."
Vyumba gani?
"Kijerumani. Historia ya meli. Muziki, karibu wote.
Jana nilizima majina ya nyota. Wewe unaziona mwenyewe."

Nikamkataza. Nikamtukana kwa Kigogo,
lugha aliyokuwa ameizima asubuhi ileile,
naye akaniomba radhi kwa kosa asilolielewa.

Nyumbani, mwaka wa njaa,
mama alikuwa akisema ameshakula jikoni.
Mwiko mkavu.
Tulijua.
Tulikula.

Leo ni ya thelathini.
Maneno yake yamebaki machache,
kama uwele kwenye debe mwezi wa pili.
Bwawa linapita chini, dogo, jeupe kwa mbalamwezi.
"Kile cheupe ni nini?"
Sijibu. Naliogopa koo langu.

"Kitendawili," anasema. Hajawahi kutega yeye.
Tega.
"Natoa, natoa, sipungui, naisha."
Mshumaa?
"Hapana."
Mama?
Anakawia tena. "Hapana."
Labda jibu lenyewe amekwisha kulizima
ili vidole vyangu visife ganzi;
kama ni hivyo, hatasema.
Nimeshindwa, Malogo.
"Nipe mji."

Navuta hewa, kidogo, ile ya adabu.

Nakupa Bahi.
Ukishuka stesheni usimuulize karani njia,
ni wajina wako, atakuchelewesha kwa saa za treni.
Fuata harufu ya pumba.
Yuko mwanamke uani, hatainuka.
Atakuambia umekonda. Mkubalie.
Atakupa maji. Yana chumvi.
Unywe yote.