Mibofyo Miwili

Mchana nauza viungo vya magari yaliyokufa:
taa za Opel, milango iliyopoteza gari lake,
eksozi zilizoliwa na chumvi ya barabara za Wajerumani,
hapo sokoni Rustavi, banda la tatu toka getini.
Wanaume huinama dirishani: "Mwenyewe yuko wapi?"
Nami huwajibu: "Unamtazama."

Usiku natengeneza gari lisilo na mafuta wala harufu.

Dereva ni Badri, mtoto wa dada yangu,
miaka kumi na saba, vidole vyepesi,
na pesa za mchezo zikimwingia hazilali.
Kanunua turbo. Kanunua bawa la nyuma,
pana kama ubao wa kupigia pasi.
Kang'oa injini ya mitungi minne
akashindilia ya minane, boneti ikafura kama shavu lenye jino bovu.
"Farasi mia saba, mama mdogo! Mia saba!"

Kwenye njia nyoofu lilipaa.
Kwenye kona ya kwanza likaenda kusalimia misonobari.

"Gari bovu."
"Si bovu. Umemvika mtoto viatu vya baba yake,
halafu unamkaripia kwa kuanguka. Lete hapa."

Kuna ukurasa ambao yeye huupita mbio,
hauna picha, hauna moshi, ni mistari na tarakimu:
upepo wa tairi, ugumu wa springi,
kimo cha bodi kutoka kwenye lami,
difu, yaani gurudumu la ndani
limsikilize mwenzake wa nje kwa kiasi gani.
Mimi hapo ndipo nyumbani.

Nikauza ile turbo kwa nusu ya bei.
Akanitazama kama nimeuza mizabibu ya babu.
Nikalegeza springi za nyuma, mibofyo miwili tu.
Nikarefusha gia ya tatu. Breki nikazisogeza mbele, unywele.
"Mbona sasa halingurumi?"
"Ngurumo hainunui sekunde."

Sikumwambia nilikojifunzia.
Nugzari alikuwa akikandamiza boneti kwa viganja viwili,
anaachia, anahesabu gari limeinama mara ngapi.
Mara moja na nusu: zima.
Mara tatu: shokomzoba zimekwisha, usimpe mtu pesa yako.
Sasa anaendesha lori huko Wrocław.
Hunitumia fedha, hunitumia na sauti,
na nyuma ya sauti injini, kila mara injini,
hata akinong'ona.

Mchezoni kuna kitufe: Rudisha hali ya kiwandani.
Usiku mwingine, Badri akiwa amesinzia,
nimekaa kidole changu kikiwa juu yake
na hakuna gari lolote nililotaka kurudisha.

Mashindano yalikuwa ya mlimani, mvua, magari kumi na mawili.
Akaanza wa kumi na moja.
Sikutazama skrini, nilitazama mabega yake:
kona za mwanzo yalipanda hadi masikioni,
kisha yakashuka, moja, halafu la pili,
kama mtu aliyepata kiti.

Wa tano.

Akakaa kimya. Nikadhani ananinunia kwa ajili ya farasi wake.
Kisha akasema, bila kugeuka:
"Ile kona ya kanisa. Lilinisikia kabla sijasema."
Na baadaye: "Tulegeze tena, mbofyo mmoja?"
"Tukaze," nikasema. "Nusu ya tulicholegeza."
Tukabishana hadi jogoo wa jirani, yule kipofu, akawika saa yake isiyo saa.

Asubuhi mtu kaja bandani anataka springi za Opel.
"Nipe ngumu kuliko zote ulizonazo."
Nilikuwa sijalala, nilikuwa na seti moja, ngumu kama chuki,
na kodi ya banda ilikuwa Ijumaa.
Nikaweka chai yangu chini.
"Kwanza nieleze," nikamwambia, "barabara ya kwako ikoje."