Njia ya Tatu Imepinda

Mikono hii hufunga nondo.
Daraja la reli, ng'ambo ya mto Tejo,
siku nzima waya na koleo: zungusha, vuta, kata,
mafundo mia nane kabla ya chakula cha mchana,
na msimamizi hupita akiyakanyaga
aone kama yatalegea.
Hayalegei.

Ila kichwa cha Leocádia
kimenishinda Jumapili tatu.

Mama yake yuko Luxemburg, anaogesha wazee wa watu.
Alimsuka usiku wa kuamkia safari,
mistari minane ya kurudi nyuma, imekaza kama ngozi ya ngoma.
"Itadumu wiki tatu," aliniambia,
kama mtu anayeacha chakula kimefunikwa.
Wiki ya nne mistari ikaota manyoya.
Ya tano, mwalimu akaandika barua
yenye adabu nyingi.

Nikapanda kwa Nha Bibinha, ghorofa ya nne,
lifti mbovu tangu Pasaka.
Hakunipa kichwa cha mtu. Alinipa dekio kuukuu,
nyuzi zake zimekauka,
akanikabidhi nilibane kati ya magoti:
"Huyu halii. Anza na huyu."

Nyuzi tatu. Ya kulia ipite chini ya kati.
Ya kushoto ipite chini ya kati.
Kila hatua okota kidogo toka chini,
kidogo, Adérito, huchimbi msingi wa nyumba!
Nikaokota nyingi. Nikaokota chache.
Nikafumua.
Nikashuka na dekio begani, nikapita baa ya kona,
wacheza domino wakacheka mpaka vipande vikaanguka.
Nelito peke yake hakucheka.
Alinifuata hadi mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini:
"Na ule mwisho wake, unaufungaje?"

Jumapili ya nne.
Bakuli la maji, chanuo, mafuta ya nazi,
mtoto kwenye kreti ya soda, mgongo kwangu.
"Unaniumiza."
Samahani.
"Mama huwa anaimba."
Mimi siimbi, mwanangu.
"Basi hesabu."
Nikahesabu. Moja, mbili, kama nondo,
na kila namba nikilegeza kidole kimoja,
kwani ngozi si chuma,
ngozi hukumbuka.

Kisogoni nywele ni laini, za kifaranga,
zinateleza, hazitaki kushikwa na mtu.
Nikangoja zikubali.
Na hapo, nyuma ya sikio la kushoto, nikaliona:
kovu, dogo kama punje ya mchele.
"Hili la lini?"
"La zamani. Mama anajua."

Miaka saba nimekipapasa kichwa hiki
juu juu, nikienda kazini,
kama mpita njia agusaye ukuta.

Saa tatu na nusu. Miguu yangu imekufa ganzi,
yeye kasinzia, shingo imelala kwenye goti langu,
shanga mbili za mwisho sikupata pa kuzitia
nikazitia mfukoni.

Usiku nikatuma picha.
Akaikuza, najua aliikuza, kwa kuwa alikawia kujibu.
Kisha akapiga.
"Njia ya tatu imepinda."
Najua.
"Inaanza vizuri, halafu inakwenda sokoni."
Najua.
Akanyamaza. Nikasikia maji ya bomba upande wa pili,
na mzee fulani akiita jina ambalo si lake.

"Usiifumue," akasema.