Mizani ya Mlango wa Pili

Huku Slough wingu ni jengo.
Halina madirisha. Halina mvua.
Linanguruma tu usiku kucha kama friji la jitu,
na mimi Shomvi, wa Lindi, ndiye bawabu wake,
saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi,
chupa ya chai ya tangawizi chini ya meza
pale kamera isipofika.

Wenye vitu vyao humu hawanijui:
picha za harusi, majibu ya damu,
barua ambazo mtu aliandika akaghairi kutuma.
Nami sivijui. Ndiyo kazi yenyewe,
kulinda chungu bila kugusa kifuniko.

Kuifikia mitambo kuna milango miwili,
na kati yake kichumba cha kioo, upana wa mabega.
Wa kwanza ukishajifunga nyuma yako, sakafu inakupima.
Kadi unaweza kuiba, kidole unaweza kughushi,
lakini sakafu inazijua kilo zako,
na ikihisi mwingine amejibana mgongoni mwako
mlango wa pili haufunguki ng'o.

Gurleen huja saa tisa usiku, diski ikifa.
Miaka mitatu sakafu imempokea bila neno.
Leo taa nyekundu. Kwenye skrini yangu:
UZITO UMEZIDI. HUENDA NI WATU WAWILI.

Nikatazama kamera ya juu, ya pembeni, ya nyuma.
Mmoja.
Akarudisha begi nje. Nyekundu.
Akavua koti pana, akavua viatu vya kazi.
Nyekundu.
Akabaki na soksi, moja imetoboka kwenye dole gumba,
nami nikasema kwa spika, kama kanuni inavyotaka,
"Tafadhali thibitisha kwamba uko peke yako."

Hakujibu.
Mkono wake ukashuka, ukatulia chini ya kitovu.
Kisha akaikazia macho kamera:
"Mama hajui bado, Shom."

Kwetu tunasema mja mzito.
Umri wangu wote nimelitamka neno hilo
sijawahi kusikia chuma cha mizani ndani yake.

Na lazima niandike. Kila kitu huandikwa,
saa, dakika, jina, sababu,
na meneja wake husoma kila Ijumaa.
Nikiandika, kitaingia humu humu ninamolinda,
kitafungwa kwa fumbo lisilofumbulika,
kitanakiliwa Dublin, kitanakiliwa Frankfurt,
hakitafutika hata mtoto mwenyewe akiota ndevu.

Nikaandika: *viatu vizito*.
Nikafungua kwa ufunguo wa mkono.
Miaka sita, mara ya kwanza kulidanganya wingu.

Akabadilisha diski. Dakika kumi na moja.
Wakati wa kutoka sakafu ikampima tena,
ikapiga kelele tena, watu wawili, watu wawili,
kama mtoto aliyeona jambo na hakuna anayemsikiliza.

Najua, nikaiambia.
Punguza sauti.