Imezimika

Kwetu Valdivia mvua si msimu,
ni mpangaji asiyehama.
Na ukutani jikoni, juu ya sinki,
ilining'inia hita ya gesi ya marehemu babu,
sanduku jeupe lenye kidirisha cha ukubwa wa kitufe,
na nyuma yake ulimi wa moto wa buluu
wenye hasira za kitinda mimba.
Upepo ukipenya chini ya mlango, imezimika.
Mtu akifungua bomba la jikoni, imezimika.
Mtungi ukikaribia kwisha, inakohoa mara mbili,
imezimika.

Aliyekuwa bafuni, sabuni machoni,
alipaza sauti ipenye mbao:
"Imezimika!"
Na aliyekuwa karibu aliacha alichoshika
akasaka kiberiti.

Mama na mjomba Eleuterio hawakusemezana.
Mwaka wa tisa huo.
Habari za shamba la Paillaco,
sahihi iliyotiwa, au haikutiwa,
sikuwahi kuelezwa vizuri.
Walikula meza moja, chumvi ikipitia kwangu.
"Mwambie mjomba wako viazi vimebaki."
"Mwambie mama yako nimeshiba."
Nilikuwa daraja, na daraja halina kauli.

Lakini saa kumi na mbili na robo asubuhi,
maji yakimgeukia barafu mgongoni,
mjomba alisahau shamba.
"Imezimika, Rosalba!"
Na mama, vidole vyenye unga,
njiti ya kwanza imelowa, ya pili imevunjika, ya tatu:
"Haya, ngoja, nyamaza, imewaka!"
Maneno manne.
Niliyahesabu kitandani
kama mtu anayehesabu akiba.

Fundi alikuja Agosti.
Noelia Huenchul, buti za matope, penseli sikioni.
Alipitisha kidole kwenye masizi ya bomba la moshi,
akakitazama.
"Hii ingewalaza siku moja, msiamke."

Akaleta pampu ya joto:
tangi refu, nene, kama mtu aliyejiweka mbele ya foleni,
na feni ikivuma uani karibu na banda la kuni.
"Haichomi kitu," alisema.
"Inachota joto lililomo hewani."
"Hewa ya hapa?" mjomba aliiuliza dari. "Joto gani?"
"Lipo, hata mkiwa mnatetemeka.
Limetawanyika tu.
Hii inalikusanya, inalibana, inalitia majini."
Haba na haba, nikajisemea.

Wiki ya kwanza tulioga kama watu wa hotelini.
Mama alifungua bomba la jikoni makusudi,
akategea sikio.
Kimya.
Mjomba alitoka na mvuke mabegani,
akapita nyuma ya kiti chake,
hakuna cha kuwashiwa.
Kiberiti kilikaa dirishani kikinyonya unyevu.
Nami kila alfajiri nilikuwa macho,
nikisubiri neno ambalo tulimlipa fundi
alibandue ukutani.

Septemba ikafika bili.
Umeme umepanda kidogo, lakini mitungi hatukununua,
na mjomba, ambaye haamini nafuu asiyoitolea jasho,
aliketi na bahasha akijumlisha mgongoni mwake.
Akafuta. Akajumlisha tena.
"Mwambie mama yako," alianza,
akaniangalia, akaiangalia bahasha.
"Rosalba. Hebu njoo uone hii."

Mama alifuta mikono kwa muda mrefu
kuliko mikono ilivyohitaji.
Akainama.
"Umesahau kubeba moja."
"Wapi?"
"Hapa."
"Hiyo si moja, ni saba."
"Tangu lini saba ikaandikwa hivyo?"
"Baba aliiandika hivyo."
"Baba aliandika vibaya."

Hawakupatana. Shamba halikutajwa.
Walibishania tarakimu ile hadi chai ikapoa,
nami nimeshika kichupa cha chumvi,
sina wa kumpitishia,
na huko nje, katika baridi ya nyuzi nne,
feni ikiendelea kuchota.