Nusu ya Pili ya Tiketi

Inga aliigeuza kompyuta ili tuione.
Kwenda tu: lari elfu moja na mia mbili.
Kwenda na kurudi: lari mia nane na tisini.
Nikamwomba asome tena. Akasoma tena.
"Ndivyo ilivyo, mjomba Otari. Kurudi ni rahisi."

Tsiala, mwalimu wa hesabu miaka ishirini na sita,
hakucheka. Alichomoa kalamu,
akatoa ndogo kwenye kubwa pembeni mwa gazeti,
akapata mia tatu na kumi:
faini ya mtu
asiyesema atarudi lini.

Mimi nilibaki na lile neno la Inga,
nikiligeuza mdomoni kama kokwa.
Kilicho rahisi mfukoni
miguuni je?

"Basi chagueni tarehe," akasema. "Yoyote.
Mradi iwe ndani ya siku tisini,
askari wa Bari wakiiona waridhike."
Yoyote!
Nje mvua ya Batumi iliendelea na kazi yake.
Tsiala akasema tarehe kumi na mbili Juni,
upesi, kama anayetaja bei ya viazi,
na nikajua ni uongo,
na nikajua sitaisahau.
Kiti 14C, upande wa njia, kwa ajili ya goti lake.
Kwenda na kurudi, kiti kile kile.

Usiku alipanga sanduku: soksi, dawa ya presha,
jozi za mti wetu zilizotungwa uzi
na kuchovywa uji wa zabibu hadi zikaganda.
"Huyo bibi Addolorata hana meno," nikamwambia.
"Hizi ni zangu," akasema.

Deni la benki tulilizungumza. Paa tulilizungumza,
ada ya Lasha, na ng'ombe atakamwa na nani.
Ile karatasi iliyolala mezani ina nusu mbili;
sote wawili tulisoma ya kwanza
tukaikunja.

Uwanjani nilitafuta neno la kumpa.
Nikasema: usisahau goti lako.
Kana kwamba goti huachwa nyumbani.

Machi, Aprili, Mei. Pesa zilikuja.
Ilikuja picha ya dirisha, na malimau nyuma yake.
Mara moja, kwenye simu, aliniambia ndiyo kwa Kitaliano,
akajisahihisha,
na hatukucheka haraka inavyotakiwa.

Tarehe kumi na mbili Juni niliamka gizani,
nikanyoa ndevu.
Jirani yangu Shukri akauliza naenda wapi.
Sokoni.
"Sokoni, na shati hilo?"
La pili hakuuliza.

Ndege ilitua saa nane na dakika tano.
Nilisimama pamoja na wenye maua.
Wakatoka: wanafunzi, muuza matairi,
mwanamke aliyeanza kulia
kabla hajamwona wa kumlilia.
Mlango ukajifunga. Ukafunguka tena,
akapita mfagiaji na toroli lake.

Sikuwa mjinga. Nilijua.
Nilikwenda kupokea tulichokilipia,
kiti kitupu kilichovuka bahari,
pengine kimepakata koti la mtu wa 14B,
pengine gazeti,
mkanda wake umefungwa juu ya hewa.

Simu iliita nikiwa kwenye basi.
"Uko wapi? Nasikia injini."
Sokoni, nikasema.
Akanyamaza. Anajua hesabu, yule, anajua tarehe.
"Umenunua nini?"

Niliitazama mikono yangu juu ya magoti.
"Bei zimepanda," nikamwambia.
"Nimerudi hivi hivi."